FreeBSD kwenye Meza ya Steshenari Tukuyu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza asili ya FreeBSD, mfumo endeshi ulioanza mwaka 1993 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambao makao yake hasa ni kwenye seva. Leo tunauleta mezani. Je, mwenye steshenari ya Tukuyu, anayechapa barua, kuskani vyeti na kuwajazia watu fomu, anaweza kuutegemea kutwa nzima? Naona anaweza, na uchache wa watumiaji wake si hoja nzito kama inavyodhaniwa. Cha kupima ni kazi inayofanyika na mazingira inamofanyikia.

Rungwe, ambako Tukuyu ipo, ni wilaya ya mvua nyingi, na umeme ukikatika, kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika hata kama diski ilikuwa katikati ya kuandika. FreeBSD huja na ZFS, ambayo haiandiki data mpya juu ya ya zamani. Huiandika kwanza mahali pengine, na ikikamilika ndipo huihesabu kuwa toleo halali. Mistari ambayo mchapaji hakuisevu itapotea, lakini faili la jana litabaki zima. Kuna pia ile flashi inayofika kaunta mafolda yote yamegeuka shotikati. Kirusi kinachofanya hivyo kiliandikiwa Windows. FreeBSD haiwezi kukiendesha, na mafolda yaliyofichwa huonekana yalipo. Isitoshe, sehemu kubwa ya kazi za kaunta imehamia kwenye kivinjari: maombi ya mkopo wa HESLB, zabuni za NeST, uhamisho wa watumishi kwenye ESS. Kwa hizo, Firefox inatosha. Na tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi kuukuu zisizotimiza masharti ya Windows 11 zimebaki njia panda, ilhali FreeBSD inazipokea bure.

Wapo watakaosema WiFi yake ni dhaifu. Ni kweli, draiva za kadi nyingi huchelewa. Lakini anayetumia bando la simu hahitaji WiFi: akichomeka simu ya Android kwa waya wa USB na kuruhusu intaneti ipite humo, mfumo huiona kama kadi ya mtandao iitwayo ue0. Wengine watasema barua ya Word hupangika vibaya ikifunguliwa kwenye LibreOffice. Mara nyingi chanzo ni fonti. Ukiweka Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, na Liberation Serif badala ya Times New Roman, mistari mingi hurudi mahali pake.

Pingamizi zito zaidi ni la fundi: mashine ikigoma, nani ataitengeneza? Tujiulize basi fundi wa mtaani hufanya nini leo. Mara nyingi anapiga Windows upya, tena nakala isiyo na leseni, na kazi za mteja zinafutika kama hazikuhamishwa. Kwenye FreeBSD, amri ya bectl hutunza nakala ya mfumo kabla ya kuuboresha. Toleo jipya likileta shida, unachagua la zamani kwenye menyu ya kuwashia na kazi inaendelea. Sharti lake ni mtu mmoja aliye tayari kusoma mwongozo mkubwa wa FreeBSD, ulioandikwa kwa Kiingereza. Pasipo mtu huyo, nisingemshauri mwenye duka ahame.

Mpaka mwingine ni mashine ya kutolea kopi. Baadhi ya chapa hazitoi draiva nje ya Windows, na duka linaloishi kwa kuprinti haliwezi kubahatisha hapo. Kwa hiyo ijaribu FreeBSD kwenye diski ya pili, printa yako ikiwa imeunganishwa, kabla ya kugusa diski ya kazi. Wiki ijayo tutapitia jaribio hilo hatua kwa hatua.