Gesi Yaingia Jikoni Namboboto, Jiko la Stima Lawekwa Kando

Neno jiko katika lugha yetu lina upana wake. Mafiga matatu ni jiko, chumba chenyewe cha kupikia ni jiko, na kijana akishaoa huambiwa kapata jiko. Wazee hawakuona haja ya kuyatenga mambo hayo, maana kwao yalikuwa jambo moja. Basi msomaji asidhani kwamba kubadili jiko nyumbani ni kama kubadili kiti au pazia. Abadiliye jiko hubadili saa ya kuamka, hubadili ladha ya chungu, na aghalabu hubadili mkono unaoshika fedha ya moto.

Haya nimeyaona Namboboto, mbali sana na bahari. Namboboto ni nchi ya Wasamia, katika eneo la Funyula, kusini ya mji wa Busia. Milima ya Samia i karibu, Ziwa Viktoria haliko mbali, na mpaka wa Uganda umewagawa Wasamia wenyewe, hawa wakawa Wakenya na hawa Waganda, hali ni ndugu. Watu hawa zamani walikuwa wahunzi mashuhuri. Walichimba mawe ya chuma katika milima yao, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe ambayo majirani waliyatafuta. Kwa hiyo mtu wa pwani akienda kule asijione anapeleka elimu ya moto. Moto waliujua kabla ya meli ya kwanza ya gesi kutia nanga Mombasa.

Binti wa ndugu yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, ameolewa huko. Mumewe ni Msamia, Mwislamu, na kazi yake ni ukarani wa malori mpakani Malaba, jambo ambalo humfanya awe nje ya nyumba siku nyingi za juma. Bibi huyu alipohama Mombasa alikwenda na jiko lake la stima, lenye mabamba manne na tanuri chini yake, akalifunga kwa mablanketi kama mgonjwa. Jirani zake walilistaajabia. Hapana ajabu, kwani katika hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 nyumba zinazopikia stima hazikufika moja katika mia, ilhali zaidi ya nusu zilipikia kuni na karibu robo gesi.

Ukarimu wa mumewe si haba, lakini mwanamke wa pwani hapendi kukaa bure. Akaanza kukanda mahamri na kuchoma vitumbua, akivipeleka alfajiri kwenye matatu za Busia, maana madereva wa malori wanaosubiri kuvuka hupenda kitu cha moto na chai. Hapo ndipo jiko la stima lilipomshinda.

Kwanza, chuma cha vitumbua. Kila mwenye kukijua anajua kwamba chini yake kina matumbo ya mviringo. Kikiwekwa juu ya bamba la stima hugusa kwa ncha tu, na vitumbua hutoka vimeiva kitovuni na vibichi kandoni. Alikuwa akivipindua mara tatu. Pili, na hili ndilo kubwa, stima ilikuwa ikikatika. Unga wa mahamri ukishaumuka haungoji. Ukipitwa na saa yake huchacha, na mafuta yaliyopoa katikati ya kazi huingia ndani ya andazi likawa zito kama jiwe la bao. Alinambia:

“Ami, siku moja nilitupa unga wa kilo nne. Nilikaa kizani na sinia limejaa, naisikia matatu inapiga honi inakwenda zake.”

Sitaki kumlaumu mtu kwa kukatika kwa stima, kwa sababu lawama hiyo ni ya zamani na wenyewe wamekwisha izoea. Mkenya gani asiyeukumbuka usiku wa Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani, na wengine wakakaa hivyo hadi siku ya pili? Na ndugu zetu wa Unguja wana kisa kikubwa zaidi. Umeme wao huja kwa waya upitao chini ya bahari kutoka bara, ukatokea Fumba. Mwezi Mei 2008 ulikatika, wakakaa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Wenye majiko ya umeme waliyafunika vitambaa wakayafanya meza, wakarejea kwenye makaa.

Basi binti yetu akanunua jiko la gesi la vichwa viwili na mtungi wa kilo 13. Vita vikaanza nyumbani, na aliyeshika bendera ya upinzani ni mama mkwe.

Mama huyu ni mtu mzima, mwenye heshima zake, na nilipofika alinikalisha chini ya mwembe akanitolea hoja. “Mzee wa Mombasa,” alisema, “wewe umesoma. Mwambie mtoto wako hiyo ni bomu. Kuni haikuwahi kulipuka.” Nikamjibu, “Mama, kuni haikulipuka, lakini macho yako mekundu yametoka wapi?” Akacheka, wala hakukubali.

Na hakika hofu yake si ya kudharauliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, katika mahali palipokuwa pakijazwa mitungi bila idhini, watu wakafa na mamia wakaungua. Mama alikuwa amesikia habari hizo redioni. Lakini ni vyema kupambanua. Pale palikuwa ni ghala la magendo ya gesi, na hapa ni mtungi mmoja nyumbani. Ila mtungi mmoja nao una adabu zake, na kwa kuwa hata Mombasa naona wengi hawazijui, nitazieleza.

Gesi iliyomo mtungini ni maji. Imeshindiliwa mpaka ikawa maji, na kifungo kikifunguliwa hugeuka hewa na kutoka. Kwa asili yake haina harufu. Ile harufu ya yai bovu hutiwa makusudi viwandani ili pua ya mwanadamu ipate kuonywa. Tena ni nzito kuliko hewa tuvutayo. Ikivuja haipandi darini ikatokea dirishani kama moshi, bali hushuka sakafuni na kutambaa, ikajikusanya pembeni na chini ya vitanda. Kwa hiyo jiko la gesi lataka mlango au tundu la chini, si dirisha la juu peke yake. Ukiisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, wala usiguse swichi ya taa, maana cheche ndogo ya swichi yatosha. Na mwenye kutaka kujua kama mpira unavuja aupake povu la sabuni atazame mapovu. Kuna watu, Mungu awahifadhi, wanaotafuta tundu kwa kiberiti.

Nilimwambia mama kwamba sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utotoni kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha moto usiachwe ukiwaka nyumbani wakati wa kulala. Karne kumi na nne zimepita na amri hiyo imekuta mahali pake kwenye mtungi. Binti yetu hufunga kichwa cha mtungi chenyewe kila baada ya sala ya Isha, haridhiki na kuzima jiko tu. Mama mkwe siku hizi ndiye mkaguzi. Huingia na kibatari chake, kisha hukumbuka, akarudi kukiacha nje.

Sasa tuje kwenye fedha, maana wauzaji wamewajaza watu maneno. Husemwa gesi ni rahisi kuliko stima, na wengine husema kinyume. Hesabu si ngumu. Kilo moja ya gesi ina joto lipatalo karibu yuniti 13 za stima. Lakini mwali wa gesi hupoteza joto jingi kandoni mwa sufuria, na bamba la stima hupoteza kidogo zaidi ya robo tu. Ukipiga yote, mtungi wa kilo 13 hupika chakula ambacho bamba la stima lingekipika kwa yuniti 120 hivi. Basi chukua bei ya yuniti katika risiti yako ya tokeni, pamoja na kodi zake, uzidishe kwa 120, ulinganishe na bei ya mtungi hapo kwenu. Aghalabu utaona tofauti si kubwa ya kumfanya mtu auze jiko. Ila kuna jambo moja. Tangu viwango vya Aprili 2023 bei nafuu kabisa ya stima ni ya nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi, na mwenye kupikia stima hawezi kukaa humo. Binti yetu alipoacha kupikia stima, taa na redio na pasi vikamrudisha kwenye bei ya wanyonge.

Serikali nayo ina mkono wake katika chungu. Mwaka 2016 kodi ya thamani iliondolewa kwenye gesi. Julai 2021 ikarudishwa kwa asilimia 16. Julai 2022 ikapunguzwa kuwa 8. Mwaka 2023 ikaondolewa tena. Mwanamke hawezi kupanga biashara ya mahamri kwa kodi inayocheza chakacha.

Jambo la fedha lililonigusa mimi si bei hasa. Zamani za stima, tokeni zilinunuliwa na mume kwa simu huko Malaba. Zikimalizika usiku, mke hupiga simu. Bwana akiwa kazini au simu yake imezima, jiko limekufa. Mume mwenyewe alikiri kwangu kwamba mara nyingine alikuwa akiuliza, “Mbona zimekwisha upesi? Mlipika nini?” Hakuwa na nia mbaya, lakini swali hilo likirudiwa kila juma hukata maini. Sasa fedha ya mtungi hutoka katika kibweta cha mahamri, na mke mwenyewe huenda Funyula kuubadilisha. Alinunua mizani ya kuning’iniza. Kila mtungi umepigwa mhuri wa uzito wake ukiwa mtupu. Yeye huupima mbele ya muuzaji, akatoa uzito huo, akajua kilichomo. Mara ya kwanza muuzaji alikunja uso. Mara ya pili alimtafutia mwingine mzito zaidi.

Na kwa vyakula? Hapo mimi nina neno, kwani tumbo ni langu. Tui la nazi halitaki haraka. Likichemka kwa nguvu hukatika, na bamba la stima ukilizima huendelea kuwaka kwa kinyongo, mpaka uinue sufuria. Mwali wa gesi unauona kwa macho, unaupunguza kwa kidole, na mara ile umetii. Samaki wa ziwani, ngege, aliyepikwa kwa tui huko Namboboto, nilimla nikasahau changu. Lakini wali wa nazi ulipata pigo. Wali wapenda joto la kufa polepole, na lile bamba lililokuwa adui wa tui lilikuwa rafiki wa wali. Kwenye gesi ulianza kushika chini kabla ya kuiva juu, mpaka alipoweka kipande cha bati nene baina ya moto na sufuria.

Kupalia ndiko kusikokuwa na dawa. Mkate wa kumimina na pilau ya watu hutaka moto chini na makaa juu ya kifuniko, na hakuna fundi wa stima wala wa gesi aliyetutengenezea moto wa juu kama ule. Tanuri hukausha. Kwa hiyo nyuma ya nyumba ile lipo jiko dogo la makaa, nalo huwashwa Ijumaa na sikukuu, makaa yakachukuliwa kwa koleo yakawekwa juu ya sufuria iliyo kwenye gesi.

Wasamia nao wana shaka yao. Obusuma ya wimbi na muhogo husongwa kwa nguvu za mabega, sufuria imebanwa na mafiga, msongaji amekaa kwenye kigoda. Jiko la gesi liko juu ya meza, na mwiko ukizunguka sufuria nayo huzunguka. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alilitengenezea fremu ya nondo yenye mikono miwili ya kushika sufuria. Nilipoitazama fremu ile, katika nchi ya wale wahunzi, niliona kazi ya mababu imepata soko jipya.

Ng’ambo ya kusini Tanzania imetangaza mpango wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, kusudio lake asilimia 80 ya watu wapikie nishati hiyo ifikapo mwisho wake. Kinara wake ni Rais Samia Suluhu Hassan. Jina lake na la milima hii ni moja, ingawa hapana nasaba, na mama mkwe alifurahi sana nilipomweleza. Akaniuliza kama Rais huyo naye ana mtungi jikoni. Nikasema nadhani anao.

“Basi,” akasema, “lakini maharagwe atayachemsha kwa nini?”

Swali lina haki yake, maana maharagwe makavu hula gesi saa nzima na zaidi. Nyumbani kwao yanachemshwa bado kwa kuni, nje, na mama mwenyewe. Jiko la stima halikuuzwa. Limewekwa ukumbini, na ndani ya tanuri yake huhifadhiwa unga, kwa kuwa panya hawawezi kuufungua mlango.