Kalavati Lenu Limepimwa kwa Mvua Ipi?

Swali ni lile lile. Nimeulizwa Laela, nimeulizwa Matai, na majuzi nimeulizwa tena Sumbawanga mjini na mzee aliyewahi kuwa diwani, mtu msomi na mwenye heshima zake: "Mtaalamu, kwamba tabianchi imebadilika tunajua, hilo usitufundishe. Tuambie tu, mwaka huu halmashauri inatoa miche mingapi?" Ukumbi ukaitikia. Afisa mazingira akafungua daftari kutafuta idadi. Mhandisi wa barabara, mganga mkuu na afisa kilimo wakarudi kwenye simu zao, maana swali lilikuwa limeshawaambia kwamba jambo hili si lao.

Kwa miaka kadhaa nimelijibu swali hili kwa upole, na upole haujasaidia. Safari hii nalijibu kwa kirefu, kwa sababu linatugharimu madaraja, visima na watu. Lina makosa mawili ndani yake. Linaufanya mche kuwa dawa, na linaifanya ofisi moja kuwa mganga.

Nianze na dawa. Imani yenyewe kila mtu anaijua: miti huita mvua, tulikata miti mvua ikaondoka, tukipanda itarudi. Sasa tazama mvua inavyofika Ufipa, uwanda huu wa juu tunaokaa mkoani Rukwa. Jua linapohamia kusini mwishoni mwa mwaka, linauvuta nyuma yake ukanda wa mvua, pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana. Ukanda huo hutufikia Novemba na hutuacha kuelekea mwisho wa Aprili. Unyevu wake hutoka Bahari ya Hindi na bonde la Kongo. Mwaka ambao mvua imechelewa, au imekatika Januari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, wataalamu wa hali ya hewa hutazama kwanza joto la bahari: ya Hindi, na hata ya Pasifiki, upande wa pili wa dunia. Hakuna kitalu cha miche Sumbawanga ambacho mkono wake unafika huko.

Najua nitakachojibiwa: misitu mikubwa hurudisha mvuke angani, na mvuke huo hunyesha. Ni kweli. Msitu wa Kongo hufanya hivyo, na sisi tulio mashariki yake tunafaidika. Lakini huo ni msitu wa zaidi ya hekta milioni 100, uliosimama karne kwa karne. Kwa ukweli huo tuna kila sababu ya kutaka msitu ule usikatwe. Hatupati humo sababu ya kuamini kwamba miche elfu mbili nyuma ya zahanati itavuta wingu.

Tupige hesabu, maana hesabu haina chama. Lengo la kitaifa limekuwa kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Rukwa ina halmashauri 4: Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Hiyo ni miti milioni 6 kila mwaka. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja hubeba miti 1,100 hivi, kwa hiyo lengo la mwaka mmoja linataka zaidi ya hekta 5,000. Kwa miaka 10, ni msitu mpya wa zaidi ya kilomita za mraba 500. Panda basi la asubuhi kutoka Laela kwenda Namanyere, kaa dirishani, uutafute msitu huo. Utaona nyasi, mahindi, na vipande vya mikaratusi hapa na pale.

Si kwamba watu hawakupanda. Walipanda, na kwa mikono yao. Walipanda Januari udongo ukiwa umelowa, viongozi wakapiga picha, kila mtu akarudi kwake. Mei mvua ilikuwa imekwisha. Julai ikaja baridi ya uwandani na upepo wake mkavu, Agosti ukaja moto wa nyasi, Septemba wakaja ng'ombe. Taarifa nyingi ninazoletewa kusoma zina safu ya miti iliyopandwa. Safu ya iliyopona baada ya kiangazi cha kwanza sioni, na nikiuliza, natazamwa kama mtu anayeharibu sherehe.

Na ile iliyopona? Mingi ni mikaratusi na misindano, kwa kuwa inakua upesi na ina soko. Anayepanda mkaratusi shambani kwake ili auze nguzo sina ugomvi naye, hiyo ni biashara halali. Ugomvi wangu ni na anayeupanda kwenye chemchemi akiamini anaokoa maji. Afrika Kusini walilipima jambo hili huko Jonkershoek tangu miaka ya 1930: walipima maji ya vijito kabla ya kupanda na baada ya kupanda, na kadiri misindano ilivyokua ndivyo vijito vilivyopungua. Ndiyo maana Sheria ya Maji ya nchi hiyo ya mwaka 1998 inayahesabu mashamba ya miti ya biashara kuwa ni matumizi ya maji, sawa na mtu aliyefungua bomba. Mkaratusi hunywa hata kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi ambacho chemchemi inaishi kwa akiba iliyo ardhini. Ukiupanda pale, umemweka mnywaji mlangoni mwa ghala.

Kuna hasara nyingine ambayo sijasikia ikitajwa kikaoni hata mara moja. Sehemu kubwa ya uwanda wetu ni nchi ya nyasi, na Wafipa walijenga kilimo chao juu ya nyasi hizo. Anayeijua ntumba ananielewa: mvua zikielekea mwisho, majani yanakatuliwa pamoja na udongo wake na kufukiwa ndani ya matuta ya mviringo, yanaoza humo, maharage yanapandwa juu, na msimu unaofuata tuta linasambazwa kwa ajili ya ulezi. Udongo uliochoka unapata chakula na kushika maji bila mfuko hata mmoja wa mbolea ya dukani. Huo ni ustadi wa kuhimili ardhi ngumu na kiangazi kirefu, uliojaribiwa vizazi kwa vizazi kabla yeyote kati yetu hajahudhuria semina. Kisha tunakuja na misindano, tunayafunika majani yale yale, na kuandika kwenye taarifa kwamba jamii imewezeshwa kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Hapana. Jamii imepunguziwa kitu ilichokuwa nacho.

Mti wenye thamani kuliko yote kwa maji ya Sumbawanga ni ule ambao tayari umesimama. Msitu wa asili wa Mbizi, ukingoni mwa uwanda juu ya bonde la Rukwa, hupunguza nguvu ya mvua, huiingiza ardhini na kuushika udongo wa mteremko. Kuulinda kunataka barabara za moto, doria, mizinga ya nyuki, na makubaliano ya kweli na vijiji vinavyouzunguka. Kazi hiyo haihesabiki kwa miche, basi haipigiwi makofi, na isiyopigiwa makofi haipati fedha. Pandeni miembe na miparachichi nyumbani, pandeni miti ya kivuli shuleni, pandeni miti ya asili kwenye miteremko iliyochubuka. Lakini kila mti upewe kazi yake inayojulikana, na kuita mvua isiwe mojawapo.

Sasa kosa la pili, mganga. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Mvua inayopiga ukingo wa uwanda inateremka mita 1,000 kabla ya kufika vijiji vya bondeni, upande wa Muze na Mtowisa, na inafika ikiwa imebeba udongo, mawe na uchafu wa vyoo. Bonde hilo limeguswa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Ziwa lenyewe halina mto unaotoka: kinachoingia, kinabaki. Upande wa pili, Ziwa Tanganyika lilipanda mwaka 2020 na 2021, likapanda tena 2024, na kuanzia Kigoma hadi Bujumbura watu wa mwambao wakaona maji yakiingia majumbani. Kirando na Kasanga wanakaa kwenye ziwa hilo hilo.

Fuata basi maji ya siku moja ya mvua kubwa, uone yanapita kwenye meza ngapi. Mkulima wa mteremkoni anashauriwa na afisa ugani. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu au chini ya kijiji. Barabara ya wilaya ni ya TARURA, ya mkoa ni ya TANROADS. Kisima cha kijiji ni cha RUWASA, wakala wa maji vijijini. Mgonjwa ni wa idara ya afya. Mto wenyewe, ukielekea mashariki, ni wa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa, ambayo ofisi yake iko Mbeya. Ukielekea magharibi, ni wa Bodi ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ofisi yake iko Kigoma. Utabiri unatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Masuala ya tabianchi yako Ofisi ya Makamu wa Rais, maafa yako Ofisi ya Waziri Mkuu, na halmashauri zinapokea maelekezo ya TAMISEMI. Karatasi hatukosi: tulikuwa na programu ya kitaifa ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi mwaka 2007, mkakati mwaka 2012, na mkakati mwingine wa 2021 hadi 2026. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma bajeti za ofisi hizi zote kwa pamoja, akiwa na mamlaka ya kusema "hapana".

Afisa mazingira hawezi kuwa mtu huyo. Hana uwezo wa kumwamuru mhandisi apanue kalavati wala kumzuia afisa maji asichimbe mahali panapofurika. Tunampa miche kwa sababu ndicho kitu pekee anachoweza kukitekeleza peke yake. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha bajeti cha halmashauri moja ambako kilimo waliomba skimu ya umwagiliaji, maji wakaomba kisima, barabara wakaomba daraja, vyote kwenye mto mmoja, na hakuna aliyejua mwenzake ameomba nini. Neno tabianchi lilitajwa mara moja tu, kwenye siku ya upandaji miti. Masika yaliyofuata mto uliondoka na daraja, na fedha za kisima zikahamishiwa kulijenga upya, pale pale, kwa kipimo kile kile.

Kipimo ndilo jambo lenyewe. Kila joto linapoongezeka nyuzi moja, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukishuka, unashuka kwa kishindo. Kalavati lililochorwa kwa rekodi za mvua za miaka 40 iliyopita linajengewa nchi ambayo haipo tena. Hilo haliponi kwa kupanda mti kando ya barabara.

Dawa haihitaji kamati mpya. Sekretarieti ya mkoa tayari ina seksheni ya Mipango na Uratibu, na kila halmashauri ina watu wa mipango wanaopitisha bajeti zote mikononi mwao. Kazi ni ya hao, na naitaja harakaharaka, maana si ngumu kuielewa. Julai hadi Septemba, chukueni ramani moja, wazee wa kila kijiji waonyeshe maji yalikofika, na idara zote zitumie ramani hiyo hiyo. Mwishoni mwa Oktoba TMA inapotoa mwelekeo wa mvua za msimu, wakuu wa idara wakutane ndani ya wiki moja: TARURA wazibue mifereji kabla ya mvua ya kwanza, afya wapeleke klorini bondeni mapema, kilimo waseme mbegu ya muda mfupi ipandwe wapi. Mwongozo wa bajeti ukifika, kila idara iandike sentensi moja kwenye kila mradi: tumebadilisha nini katika mradi huu kwa sababu ya mvua na joto? Asiyekuwa na jibu arudishiwe mradi wake. Bodi zote mbili za mabonde ziitwe mezani, ya Mbeya na ya Kigoma. Mita 60 za kandokando ya mito na maziwa, zilizowekwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ziwekewe mawe ya alama, Kirando na Kasanga kwanza. Fedha za Mbizi ziwe na kasma yake. Ntumba iingie kwenye mafunzo ya maafisa ugani. Na miche ihesabiwe Oktoba, baada ya kiangazi, ile iliyo hai tu.

Mzee wangu uliyeuliza, nakuheshimu, na ninajua uliuliza kwa uchungu wa ardhi yako. Baraza la Madiwani likikutana kabla ya mvua za Novemba, nenda ukae kule kwa wananchi, na likiisha msubiri mhandisi mlangoni. Muulize kalavati la kwenu limepimwa kwa mvua ya miaka gani, na nani mwingine ameiona michoro yake. Usimwachie njia mpaka ajibu.