Mchezaji Anayeshika Mizani

(Somo hili limechapwa kama lilivyosomwa redioni, ili darasa liweze kulisoma tena polepole. Wasemaji ni Mwalimu, na Mzee mmoja mwanafunzi wa darasa la watu wazima.)

MWALIMU: Kabla hatujaanza, kiongozi wa kila darasa na aandike ubaoni maneno haya matano: mizani, upendeleo, mnada, stakabadhi, imani. Asiyeweza kuyasoma yote sasa asihuzunike. Tutayakuta mara nyingi.

Tumepata swali kutoka darasa moja la upande wa Old Moshi. Mama mmoja asema kijana wake hucheza mchezo katika simu pamoja na watu wa nchi za mbali. Amecheza miaka mitatu, na fedha zake ametoa. Siku moja aliuacha kwa hasira, akasema, "Wenye mchezo wana watu wao." Mama auliza: mchezo ni mchezo tu, kwa nini mtu mzima akose usingizi kwa jambo hili? Swali ni zuri, nasi tutalijibu kwa njia ndefu kidogo, maana njia yenyewe inapita katika mashamba yetu ya kahawa.

Kwanza tufikiri habari za bao. Watu wawili wanakaa, ubao uko katikati, na kete zaonekana. Watazamaji wamesimama nyuma. Mchezaji akichukua kete asiyostahili, hata mtoto atapiga kelele. Sheria za bao hazimo mikononi mwa mmoja wa wachezaji, zimo katika vichwa vya wote.

Mchezo wa intaneti si hivyo. Ubao wake umo ndani ya mashine za kampuni, pengine katika nchi usiyoijua. Wewe waona kile tu kinachoonyeshwa na kioo cha simu yako. Kampuni ndiyo inayohesabu kete, ndiyo iliyoandika sheria, na inaweza kuzibadili usiku ukiwa umelala. Tena watumishi wa kampuni hiyo mara nyingi ni wachezaji pia. Hapo ndipo taabu inapoanza.

Nitawapa habari moja ya kweli. Katika mwaka 2003 kampuni moja ya nchi ya Iceland, iitwayo CCP, yenye makao yake katika mji wa Reykjavík, ilitoa mchezo uitwao EVE Online. Wachezaji huunda vyombo vya kusafiri katika anga, hufanya biashara, na hujiunga katika makundi makubwa yanayopigana. Kundi moja lenye nguvu sana liliitwa Band of Brothers. Mwaka 2007 ikajulikana kwamba mtumishi mmoja wa kampuni, aliyekuwa akicheza ndani ya kundi hilo, alikuwa amejipatia ramani adimu za kuundia vyombo kwa njia ambayo mchezaji wa kawaida hakuwa nayo. Kampuni ilikiri.

Je, mambo yakaisha? Hayakuisha. Ramani zenyewe zilikuwa chache, lakini kila mtu aliyewahi kushindwa na kundi lile alirudi nyuma katika mawazo yake, akauliza: vita vile vya mwaka jana, je, nilishindwa kwa haki? Hakuna aliyeweza kumjibu kwa yakini, kwa sababu vitabu vya hesabu vilikuwa kwa kampuni, na kampuni ndiyo iliyokuwa inashitakiwa. Ilikuwa kama kumpa nyani kesi ya ngedere.

MZEE: Mwalimu, mimi simu hiyo siijui. Lakini mtu wa mizani namjua.

MWALIMU: Eleza, Mzee wangu. Wasikilizaji wanakusikia.

MZEE: Unapeleka kahawa yako. Umeichuma, umeimenya, umeiosha, umeianika. Unafika ghalani, mtu wa mizani anasoma, wewe husomi. Anasema kilo 43. Wewe nyumbani ulikadiria 46. Unanyamaza. Halafu waona ndugu yake amekuja na gunia linalofanana na lako, linapata 47. Tangu siku hiyo, Mwalimu, hata akisoma sawa, huamini.

MWALIMU: Basi Mzee amekwisha sema nusu ya somo. Angalieni neno alilosema mwisho: hata akisoma sawa. Pengine ndugu yule alikuwa na kahawa nzito kweli. Mzee hana njia ya kujua, na kutojua huko ndiko kunakomwumiza zaidi ya kilo tatu.

Sasa tutazame mlima wetu. Kahawa ililetwa Kilimanjaro na mapadre wa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Wachagga wengi walianza kuipanda katika vihamba vyao, chini ya migomba, wakipewa moyo na Charles Dundas, mtawala Mwingereza wa Moshi. Wazungu wenye mashamba makubwa hawakupenda. Walisema kahawa ya wenyeji italeta magonjwa katika miti yao. Tena walihofu kukosa vibarua, kwa maana mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuchuma ya mwingine.

Kwa hiyo mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao wenyewe, kilichojulikana kwa herufi KNPA. Rais wake alikuwa Joseph Merinyo. Chama kilitetea haki ya Mchagga ya kulima kahawa, kikanunua dawa za miti na kutafuta soko. Kilipata nguvu upesi, na nguvu yake haikuwapendeza baadhi ya wamangi wala serikali. Hata hivyo, udhaifu mmoja ulikuwa wake chenyewe: hesabu. Kufikia mwaka 1931 mambo ya fedha yalikuwa yameingia mashaka makubwa, na Merinyo akaacha uongozi. Mpaka leo wapo wasemao alionewa, na wapo wasemao kosa lilikuwa lake. Mimi naona kwamba mabishano hayo yenyewe yanaonyesha hesabu zilivyokuwa. Hesabu iliyo wazi haibishaniwi miaka 90.

Mwaka 1933 kikaanza chama kipya, KNCU, chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Hiki kilikuwa na vyama vya msingi huku milimani na muungano mmoja mjini Moshi. Meneja wake alikuwa Mwingereza, A. L. B. Bennett, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali. Hesabu sasa ziliandikwa vizuri zaidi. Lakini mwaka 1934 ikatolewa amri ya kwamba kila Mchagga auze kahawa yake kwa KNCU peke yake.

Hapa tusiende mbio. Kwa upande wa chama, amri ilikuwa na sababu. Chama kimechukua mkopo, kimetoa dawa, kina gharama. Mkulima akichukua dawa ya chama kisha akauza kahawa dukani kwa mfanyabiashara, chama kitaanguka. Lakini kwa upande wa mkulima mambo yalionekana vingine. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka ulimwenguni kote tangu mdororo ulioanza mwaka 1929. Hakuna mtu wa Moshi aliyeishusha. Ila mkulima wa Machame au wa Marangu hakuiona London wala New York. Aliuona mkono unaomlipa, nao ulikuwa ukimlipa kidogo. Mkono huo ulikuwa ndio pekee ulioruhusiwa kununua, tena wakubwa waliotoa amri ndio wale wale waliosema bei ni ya haki. Na kumbukumbu ya KNPA ilikuwa bado mbichi.

Mwaka 1937 hasira ikapasuka. Makundi ya watu yaliyashambulia maghala ya vyama vya msingi, na serikali ikatumia nguvu kuzima fujo.

MZEE: Baba yangu alizungumza habari hizo. Lakini Mwalimu, kama bei ilishuka kwa watu wa mbali, basi wale waliopiga maghala walikosea?

MWALIMU: Walikosea katika sababu ya bei, Mzee, lakini hawakukosea katika jambo lingine: kwamba hawakuwa na njia ya kuhakikisha. Mtu aliyekwisha kuibiwa mara moja, ukimnyima kitabu cha hesabu na kumfungia mlango wa kutokea, usishangae akidhani anaibiwa tena. Kijana wa simu angalau aweza kuuacha mchezo, ingawa miaka yake mitatu na fedha zake zinapotea. Mti wa kahawa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Huwezi kuukunja ukautia mfukoni ukaenda nao kwingine.

Baada ya fujo hizo KNCU haikufa. Bei zilipopanda baada ya Vita Kuu ya pili, chama kikawa na mali, nacho kilikuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vilivyosifiwa sana katika Afrika. Mwaka 1963 Moshi ikapata Chuo cha Ushirika, ambacho sasa ni chuo kikuu. Sitasimulia yote. Itoshe kusema kwamba mwaka 1976 serikali ilivunja miungano yote ya ushirika nchini, kisha ikairudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Na mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa.

Mlango ulipofunguliwa, watu walitoka? Ndiyo, baadhi walitoka. Miaka ya mwanzo ya 2000 vyama vya msingi kadhaa, vilivyojulikana kwa jina la G32, vilianza kupeleka kahawa yao mnadani bila kupitia KNCU. Navyo havikuvunja ushirika: wanachama waliendelea kupima pamoja na kuuza pamoja. Walichokataa ni ngazi moja ya juu iliyochukua gharama ambazo wao hawakuona faida yake. Habari hii yanipendeza kuliko ile ya maghala, maana watu walitumia kalamu badala ya mawe.

Sasa turudi Iceland kidogo. Kampuni ile ilifanya nini baada ya aibu ya mwaka 2007? Iliweka watu wa ndani wa kuwachunguza watumishi wake wanaocheza. Halafu, mwaka 2008, iliwaambia wachezaji wachague wajumbe kwa kura. Wajumbe hao walisafiri mpaka Reykjavík, wakakaa mezani na wenye mchezo, wakauliza maswali. Baraza hilo lilipewa jina la Council of Stellar Management. Wachezaji wengi walilicheka, wakasema ni pambo tu. Nami nasema mjumbe asiyeruhusiwa kuona vitabu ni pambo kweli, awe wa mchezo au wa kahawa. Mjumbe anayeviona ni mtu mwingine kabisa.

Tuone hesabu ndogo. Viongozi wa madarasa, andikeni ubaoni. Mkulima amepeleka kilo 100 za kahawa iliyokaushwa, yenye ganda lake jembamba. Baadaye anasikia kwamba kilichouzwa mnadani ni kilo 80. Kilo 20 zimekwenda wapi?

MZEE: Zimeliwa!

MWALIMU: (Anacheka.) Ndivyo wengi wanavyojibu. Lakini kahawa ikifika kiwandani Moshi hukobolewa, ganda likatoka, na kilo 100 hubaki karibu 80. Kwa hiyo kilo 20 si wizi. Lakini kama kiwandani zimebaki 68, hapo pana swali, na mwenye kujua habari ya 80 ndiye atakayeliuliza.

Tena hesabu ya fedha. Nambari hizi ni mfano tu, si bei ya leo. Umelipwa malipo ya kwanza shilingi 4,000 kwa kilo. Kahawa imeuzwa kwa fedha inayolingana na shilingi 6,500 kwa kila kilo uliyoileta. Zimebaki 2,500. Wewe unapewa malipo ya pili shilingi 1,200. Ziko wapi 1,300? Karatasi moja yasema tu: "Malipo ya pili, 1,200." Karatasi nyingine yasema: usafiri, kukoboa, ushuru, riba ya mkopo, na mbele ya kila neno pana nambari yake. Fedha uliyopata ni ile ile, lakini kwa karatasi ya kwanza utagombana na katibu, na kwa karatasi ya pili mtajadiliana kuhusu usafiri.

MZEE: Na mizani, Mwalimu?

MWALIMU: Mizani ielekezwe kwa mkulima, si ukutani. Pawe na jiwe la kupimia linalojulikana, la kilo 20 mathalani, kila asubuhi liwekwe juu mbele ya watu kabla ya gunia la kwanza. Na mtu wa mizani asipime mzigo wake mwenyewe wala wa ndugu yake. Ampishe mwenzake dakika tano. Hiyo haina maana kwamba yeye ni mwizi. Inamwokoa hata yeye, kwa maana kilo 47 za ndugu yake zitakuwa zimesomwa na mtu mwingine.

Juma lijalo tutasoma stakabadhi. Kila mwenye stakabadhi ya kahawa, ya maziwa au ya mahindi aje nayo darasani, hata ikiwa imekunjamana. Wanaocheza michezo ya simu nao waje na karatasi, wameandika kiasi cha fedha walichotoa na kitu walichopata. Tutaanza na mstari wa juu kabisa, ule wenye tarehe. Kwa herini.