Hospitali imefungwa, ardhi imeuzwa: fedha zimekwenda wapi?

MKULIMA anayeuza kipande cha shamba ili amtibu mzazi wake huhangaika sana na bei. Akishalipwa ndipo anapogundua kuwa bei haikuwa kazi kubwa. Kazi ni kuzitunza zile fedha, maana mzazi anahitaji dawa kila mwezi, na shamba huuzwa mara moja tu.

Jimbo la Oregon, Marekani, lilikutana na hesabu hiyo hiyo kwa kiwango cha serikali. Mwaka 1961 jimbo lilifungua hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo Dammasch katika mji wa Wilsonville, kusini kidogo ya Portland. Mwaka 1995 likaifunga. Likabaki na majengo matupu na eneo kubwa la ardhi, karibu na jiji linalokua.

Dammasch haikuwa peke yake. Mwaka 1955 hospitali za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa wa akili wapatao 559,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa chini ya 100,000. Dawa mpya zilichangia, na mwaka 1963 Rais John Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya huduma katika jamii, ili mgonjwa atibiwe karibu na kwao. Wagonjwa walitoka. Fedha, kwa sehemu kubwa, hazikuwafuata. Wengi waliishia mitaani au magerezani.

Hapo ndipo wazo la ardhi lilipoingia. Kama hospitali imefungwa kwa ahadi kwamba wagonjwa watahudumiwa mitaani, basi ardhi yake ni mali ya ahadi hiyo. Iuzwe, na fedha zifuate wagonjwa.

Wazo ni zuri, lakini lina mtego ambao mtu yeyote wa ushirika anaujua. Chama kimoja cha msingi nilichowahi kukikagulia hesabu kiliuza ghala lake ili kununua pembejeo za wanachama. Mwaka wa kwanza mbolea ilinunuliwa. Mwaka wa pili zikaja posho za vikao, madeni ya zamani na ukarabati wa ofisi. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Fedha ziliingizwa tu kwenye mfuko mmoja na matumizi mengine yote, na mfuko wa namna hiyo haukosi wenye shida.

Oregon ilijaribu kuuziba mwanya huo kwa sheria. Mwaka 1999 bunge la jimbo liliagiza kuwa mapato ya ardhi ya Dammasch yawekwe kwenye akaunti maalumu ya makazi ya watu wenye maradhi ya akili ya muda mrefu. Angalau asilimia 95 ya fedha za mauzo ilitakiwa kubaki humo daima. Kinachotumika ni riba, kodi ya pango na sehemu ndogo ya mtaji isiyozidi asilimia 5. Kwa lugha ya shambani, unakunywa maziwa, ng'ombe humchinji.

Tuipige hesabu kwa mfano wetu wenyewe. Tuseme ardhi imeuzwa kwa Sh100 milioni. Sh95 milioni zinafungiwa benki kwa riba ya asilimia 6, zinazaa Sh5.7 milioni kwa mwaka. Hizo zitasaidia kujenga au kukarabati nyumba, lakini hazitoshi kumlipa muuguzi wa kuwatembelea wagonjwa, dawa, na msimamizi wa usiku. Na bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 14 hivi zile Sh95 milioni zitanunua nusu tu ya kile zilichoweza kununua mwanzoni. Ng'ombe yupo, ila anakonda. Isitoshe, Desemba 2008 benki kuu ya Marekani ilishusha riba yake hadi karibu na sifuri. Mwenye mfuko unaotegemea riba pekee aliumia.

Tatizo la pili ni muda. Wagonjwa walishaondoka mwaka 1995, sheria ikaja miaka minne baadaye, na mauzo yenyewe yalisubiri miaka ya 2000. Katikati, serikali ya jimbo iliwahi kutaka kujenga gereza la wanawake kwenye eneo hilo, wenyeji wa Wilsonville wakapinga, na gereza likahamishiwa sehemu nyingine ya mji huo huo. Mgonjwa aliyetoka hospitalini hawezi kusubiri ramani na madalali. Anahitaji pa kulala usiku huo huo. Kwa hiyo fedha za ardhi haziwezi kuwa fedha za kuanzia. Za kuanzia lazima zitoke kwenye bajeti, kabla mlango wa hospitali haujafungwa.

Kwa maoni yangu, kipengele bora cha sheria ile hakikuhusu fedha kabisa. Iliruhusu ekari zisizozidi 10 zitengwe kwa ajili ya nyumba za wenye maradhi ya akili. Eneo la Dammasch likawa sehemu ya mji mpya uitwao Villebois, wenye ukubwa wa karibu ekari 500. Nyumba hizo zimejengwa ndani yake, katika majengo kadhaa, si kwenye uzio mmoja. Mfumuko wa bei unaokula akiba ya benki huipandisha thamani ardhi. Mpangaji naye ana maduka, barabara na majirani karibu. Laiti ekari zilizotengwa zingekuwa 30!

Hata hivyo, nyumba hazikumaliza haja ya vitanda. Hospitali kongwe ya jimbo mjini Salem ilielemewa, ikabidi ijengwe upya na kufunguliwa mwaka 2011. Mwaka 2015 jimbo likafungua hospitali nyingine mpya, safari hii huko Junction City, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Wilsonville. Ardhi ya Dammasch wakati huo ilikwisha kuanza kujengwa nyumba za watu.