Choo cheusi kama lami

Mzee akisema choo chake kimekuwa cheusi, cha kunata kama lami na chenye harufu kali, wengi humjibu, "Utakuwa umekula kitu." Huenda ni damu. Ikivuja tumboni hubadilika njiani, hata ikitoka haina wekundu tena. (Vidonge vya kuongeza damu navyo huleta weusi, ila choo hakinati hivyo.) Wengine huitapika, nyekundu au kama machicha ya kahawa chini ya dele.

Chanzo kikubwa ni vidonda vya tumbo. Pilipili husingiziwa bure. Vingi huletwa na kidudu Helikobakta pailori, ambacho kiliwapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia tuzo ya Nobel 2005, au na dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Ndizo hizo hizo wazee wetu hununua dukani kwa ajili ya magoti, wakazimeza miezi na miezi. Wengine huvuja kwenye mishipa ya umio iliyofura, ini likiwa limeharibiwa na pombe au homa ya ini aina ya B. Hao hatari yao ni kubwa zaidi.

Hospitalini mgonjwa huongezewa maji na damu, kisha hupitishwa kamera kooni, aghalabu ndani ya saa 24, na panapovuja huweza kuzibwa papo hapo. Wengi hupona. Wanaofariki mara nyingi ni wazee, wenye maradhi ya moyo, figo au ini, na waliochelewa.

Akiona kizunguzungu, jasho baridi na moyo kwenda mbio, mpelekeni usiku huo huo. Chukueni pakiti za dawa zake, na jamaa wawili watatu wa kutoa damu.