Mbwa mgonjwa si panya wa labo

Wandugu, sisi wa agro tunajua jambo moja linaloumiza: aina mupya ya muhogo inafanya vizuri sana kwenye station, udongo mumoja, majani yamepaliliwa. Unaipeleka kwa mama mulimaji, mozaiki inaikamata mwaka wa kwanza. Station haikudanganya. Ila haikuwa shamba.

Utafiti wa kansere uko na shida ile ile. Panya wa labo wanafanana kama mapacha, wanakula chakula kimoja, wengine wameondolewa kinga ya mwili, na mara nyingi kansere yenyewe ni mutu aliyewapandikizia. Dawa inawaponyesha. Ikifika kwa mutu, mara nyingi inashindwa.

Mbwa wa nyumbani njo shamba la mulimaji. Anapumua hewa yetu, anazeeka, kinga yake iko nzima, na kansere inamujia yenyewe. Ile ya mifupa, osteosarkoma, inapiga mbwa wenye mwili mukubwa, zaidi kwenye miguu, kisha inakimbilia mapafu. Kwa watu inafanya hivyo hivyo, lakini inapenda wadogo zetu, wale wa miaka kumi na kitu. Wagonjwa hao ni wachache, kwa hiyo kupata wa kutosha kwa jaribio moja kunakula miaka. Kwa mbwa ugonjwa huo ni mwingi na unaenda mbio, jibu halikawii.

Kule Marekani, munganga wa nyama MacEwen wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake walijaribu dawa ya kuamsha kinga kwa mbwa waliokwisha kukatwa muguu. Mwaka 1989 walitangaza: kati ya waliopata dawa, nusu walipita siku 222, kwa wasioipata, siku 77. Dawa hiyo, mifamurtide, Ulaya iliikubali 2009 kwa watoto na vijana. Marekani wenyewe walikataa, eti hesabu za majaribio ya watu hazitoshi (tajeni muzaha mukubwa kuliko huo).

Je, si kuonea mbwa? Miye pia niliuliza. Hakuna anayemupa ugonjwa, tayari anao. Mwenye mbwa ndiye anatia saini, na anaweza kumuondoa wakati wowote.

Kwetu mbwa akivimba muguu tunasema pikipiki ilimugonga, tunamuzika nyuma ya nyumba, na hakuna anayeandika kitu. Wenzetu wa veterineri, mukiona uvimbe, muandike hata kwenye kaye ya kawaida: umri, ukubwa wa mbwa, uvimbe uko wapi, alikuwa anaishi wapi.