Bendera ya Asubuhi, Majarida ya Jioni

Sogeeni karibu, wajukuu. Leo ni kesi mbili kutoka Marekani. Dini ni moja, mahakama ni moja, na zilipishana miezi isiyotimia minane. Ajabu ni kwamba hukumu zilikwenda njia mbili.

Mwaka 1942 katika jimbo la West Virginia, wanafunzi walitakiwa kunyoosha mkono wa kulia, kiganja kikitazama juu, na kula kiapo cha utii kwa bendera. (Saluti hiyo ilifanana mno na ya Hitler, na Marekani ilikuwa vitani na Hitler huyohuyo! Baadaye wakaamua mkono uwekwe kifuani.) Mabinti wawili wa familia ya Barnette, Mashahidi wa Yehova, hawakunyoosha. Kwao, kuisalimu bendera ni sawa na kusujudia sanamu. Wakafukuzwa shule.

Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ilikuwa imewakatalia watoto kama hao, majaji 8 kwa 1. Baada ya hukumu ile, Mashahidi walishambuliwa na kupigwa na makundi ya watu sehemu mbalimbali za nchi. Tarehe 14 Juni 1943, katika kesi ya akina Barnette, mahakama ileile ikajipindua, 6 kwa 3. Jaji Robert Jackson alieleza kwamba serikali haina mamlaka ya kumlazimisha raia kutamka imani asiyokuwa nayo. Isitoshe, mabinti wale walisimama kimya tu, wala hawakumzuia mwenzao kuapa.

Sasa twendeni Brockton, jimbo la Massachusetts. Jioni moja ya Desemba 1941, giza limeshaingia, msichana wa miaka 9 amesimama barabarani na majarida ya dini mkononi, senti 5 kila moja. Pembeni yupo mlezi wake, Bi. Prince. Sheria ya jimbo ilikataza watoto kufanya biashara mitaani. Mlezi akashtakiwa, naye akajitetea: hii ni ibada, na mtoto mwenyewe ndiye aliyetaka kuja. Januari 1944 Mahakama ya Juu ikamkatalia. Mtu mzima ana hiari ya kuteseka kwa ajili ya imani yake, lakini hana ruhusa ya kumtwika mtoto mateso hayo.

Mimi naziunga mkono hukumu zote mbili, ingawa hii ya pili iliniumiza kichwa, kwa kuwa msichana yule hakushurutishwa na mtu. Lakini sheria ile haikuigusa imani yake. Iliwalinda watoto wote na hatari za barabarani, wa dini yoyote na wasio na dini.

Hata Tanzania jambo hili limefika. Wanafunzi Mashahidi wa Yehova walifukuzwa shule kwa kutoimba Wimbo wa Taifa, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa ushindi.

Mwombeni mwalimu wa uraia awaletee Katiba ya Tanzania. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa dini, na ya 30 inaeleza mipaka ya haki kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma. Zisomeni zote mbili kwa mkao mmoja.